Chonge za Akwero

Faustino Olal alikuwa na tabia ya kumkagua mtu kuanzia chini. Ukisimama mbele ya meza yake pale soko la Owino, kwenye safu ya viatu vya mitumba, hakuangalia uso wako kwanza, aliangalia mguu. Tangu aache jeshi na cheo chake cha koplo, yapata miaka kumi na mmoja sasa, alikuwa akiuza mabuti, na hakuna mteja aliyewahi kumdanganya kuhusu namba yake. "Wewe ni arobaini na tatu," angesema. "Hapana arobaini na mbili. Nani nadanganya wewe?" Mtu akijaribu, akakuta kweli.

Basi siku binti yake Akwero alipokuja nyumbani Kisugu na tangazo la kikosi maalumu kwenye simu, kitu cha kwanza alichofanya mzee ni kumwambia avue viatu. Alimtia miguu kwenye karai la maji, kisha akamwambia akanyage sakafu ya saruji. Alama ya unyayo ikatokea na upinde wake mzuri kabisa kati ya kisigino na kidole gumba. Mguu bapa kikosi maalumu hawautaki. Faustino alichuchumaa akaitazama ile alama mpaka ikakauka, na furaha aliyokuwa nayo haikuwa ya kawaida kwa mtu anayetazama maji sakafuni.

Tangazo lenyewe lilikuwa refu. Cheti cha kidato cha sita, kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa mtaa. Asiwe ameolewa, asiwe na mtoto, asiwe na kovu la upasuaji wala mchoro mwilini. Umri usizidi miaka ishirini na minne. Akwero alikuwa ametimiza ishirini na minne mwezi wa pili, na tangazo la namna hiyo halikutoka kila mwaka. Lililopita lilimkuta kitandani na malaria. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Safari hii ikimpita, imempita.

Wala usidhani mzee ndiye aliyemsukuma. Akwero alikuwa na miaka tisa, wakiishi bado kwenye nyumba za askari, siku wanaume wa kikosi hicho walipopita alfajiri wakikimbia na magogo mabegani. Watoto wengine waliwapigia kelele. Yeye alisimama kwenye ngazi kimya akitafuta hata mmoja atakayegeuza shingo kuwatazama, na hakuna aliyegeuza. Jioni alimwambia baba yake: "Mimi nataka kuwa ile watu." Hakubadili neno hilo hata siku moja. Alimaliza shule, akapata cheti, wachumba wawili wakaja na wote wawili akawarudisha walikotoka, kwa sababu ya neno hilo.

Faustino naye alikuwa na kidonda chake. Katika ujana wake alikwenda mwenyewe kujaribu kuingia. Alikimbia, akabeba, akalala kwenye matope, akafika siku ya tisa. Siku ya tisa wakampeleka majini. Mtu wa Gulu, kaskazini huko, aliyekulia kwenye mtama atajuaje kuogelea? Walimtoa kwa kamba, wakampa blanketi na nauli. Tangu hapo alijua kila walichokitaka watu wale, kama anayejua njia yote ya kwenda kwa mchumba aliyemkataa.

Mafunzo yalichukua miezi minane, na yalikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Nje ya mlango, Faustino alikuwa afande. Ndani ya mlango alikuwa baba. Kizingiti ndicho kilichokuwa mpaka. Saa kumi na moja alfajiri alimwamsha kwa kugonga bati la dirisha, na Akwero akitoka na kuvuka kile kizingiti alipiga mguu chini, akasema, "Jambo afande!" Wakirudi, Akwero amelowa jasho, alivuka tena kizingiti akajitupa kwenye mkeka akibembeleza: "Baba, maji bambi." Na yule yule mzee aliyekuwa akimtukana nusu saa iliyopita alikimbia kumletea kikombe. Mama yake, Rahima, aliwacheka. Rahima alizaliwa hapo hapo Kisugu kwenye ukoo wa Waislamu wa siku nyingi. Babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya vitambaa akaishia kufundisha Kurani, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha mumewe na mwanawe wakijumlishwa. "Nyinyi na hicho Kiswahili chenu cha kambini," alisema, "mtakuja kumwua mtu kwa kumsalimia."

Walipanda mlima wa Muyenga kila siku, Akwero na jerikeni mgongoni. Faustino aliijaza mchanga badala ya maji, kwa sababu maji, alisema, yanacheza na kukuonea huruma. Alimsimamisha kwenye jua bila kutikisika huku nzi wakimtembelea usoni. Alimnyima chakula cha mchana, kisha akampa amri ndefu yenye mambo sita na kumtaka airudie bila kukosea. "Wao hapana tafuta mtu ya nguvu," alimwambia. "Nguvu hata ng'ombe iko nayo. Wao natafuta mtu ya kuchoka kabisa na bado nasikia amri." Jumapili waliteremka Ggaba, ziwani, na mvuvi mmoja akamfundisha Akwero kuogelea, kwanza akiwa ameshika jerikeni tupu, baadaye bila kitu. Faustino alikaa kwenye jiwe, hakugusa maji hata kwa kidole. Siku binti yake alipozama na kuibukia upande wa pili wa boti, mzee alilia waziwazi, na alipoulizwa alisema ni moshi wa samaki.

Mwezi wa tatu wa mafunzo wakapata mwenzao. Zaid, mtoto wa mwenye duka la ng'ambo ya barabara, aliomba kukimbia nao apunguze tumbo. Faustino alimtazama miguu, akaguna, akamruhusu.

Kwa hiyo mzee huyu alikagua kila kitu. Alimkagua binti yake nyayo, magoti, mabega. Alimpeleka kwa mtu wa miwani akapimwe macho. Alimpima kifua kwa utepe wa fundi cherehani, mara akiwa ametoa pumzi, mara akiwa ameivuta. Hata masikio aliyajaribu kwa kunong'ona nyuma ya pazia. Jambo moja tu hakulikagua, nalo ni mdomo.

Akwero alicheka huku amefumba midomo. Toka utotoni ndivyo alivyocheka, na akizidiwa alijiziba kwa kiganja. Hakuwa na chonge, yale meno manne ya pembeni yenye ncha. Hayakuota kabisa, juu wala chini, na meno ya jirani yalikuwa yameinama kuelekea kwenye nafasi tupu kama watu wanaochungulia shimo. Watu wakiuliza alisema alichoambiwa na mama yake: alianguka kwenye ngazi za kambi akiwa mdogo. Faustino akilisikia jibu hilo aliangalia pembeni. Miaka ishirini na zaidi alikuwa hodari wa kuangalia pembeni, na mtu akizoea kutoangalia mahali fulani, mwisho hapaoni hata mahali hapo pakiwa ndani ya tangazo, mstari wa kumi na nne, panaposema *meno kamili*. Aliusoma mstari huo kwa sauti pamoja na mingine. Akapita.

Ukweli ni huu. Akwero alikuwa na miezi saba alipoanza kuhara na kuchemka. Mama yake Faustino, Adoch, alikuwa amekuja kutoka Gulu kumwona mjukuu. Alimtia mtoto kidole mdomoni, akapapasa fizi, akatikisa kichwa. Huko kwao, na hata kwa majirani Waganda pale kambini, watu waliamini mtoto mchanga akihara namna ile fizi zimeota meno mabaya, meupe laini kama funza, na yasipong'olewa mtoto hufa. Palikuwa na mwanamke aliyeifanya kazi hiyo kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Rahima aligoma. Alisema mtoto anataka dawa na maji, akachukua buibui lake akaenda kupanga foleni zahanati, akamwachia mumewe mtoto.

Alipotoka tu, Adoch akamwita yule mwanamke. Mmoja hutoboa, mwingine hushika kichwa, na anayeshika ni lazima awe na nguvu maana mtoto hupigana. Adoch mikono yake ilikuwa imezeeka. Faustino alikuwa koplo. Alimbana mtoto kwa magoti, akashika kichwa kwa viganja viwili, na hakulegeza mpaka vile vijidude vinne vilipolala kwenye kitambaa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Faustino hakuchelea.

Rahima alirudi na pakiti mbili za dawa ya kuchanganya na maji, akakuta damu kwenye shuka. Hakupiga kelele. Alichemsha maji, akachanganya dawa, akamnywesha mtoto kwa kijiko siku mbili mchana na usiku. Siku ya tatu kuhara kukakoma. Adoch akasema, mmeona? Rahima hakumjibu. Lakini mtoto alipokua na kuanza kuuliza, Rahima ndiye aliyeitunga ile habari ya ngazi, na siku hiyo alimwambia mumewe: "Nimekufichia. Usije ukaniomba tena kitu kikubwa." Adoch alikwisha kufa sasa. Faustino alimpenda mama yake na alimwamini, na alimpenda binti yake. Hapo hapakuwa na mtu mbaya wa kumtupia lawama, na hilo ndilo lililomtesa.

Mchujo wa kwanza ulifanyika kwenye kiwanja kimoja upande wa Kyambogo. Walikuja vijana mia tano na ushei. Wazazi walizuiwa nje ya uzio wa waya, na Faustino alishika ule waya siku tatu mfululizo, meza yake ya Owino imefunikwa turubai. Siku ya kwanza mbio: Akwero alimaliza wa nne kati ya wasichana wote, na mbele ya wavulana wengi waliokuja na raba za bei. Siku ya pili mizigo. Wapo waliolala chini wakaita mama zao. Akwero alifika, akatua, akasimama wima kusubiri amri. Ofisa aliyekuwa akiandika aliinua kichwa akamtazama mara mbili. Faustino aliona kwa macho yake ile mara ya pili. Jioni alimwambia Rahima, "Ile ofisa nataka yeye. Mimi najua sura ya mtu nataka kitu." Rahima alikuwa akichambua mchele. "Kesho ni nini?" akauliza. "Kesho daktari tu," Faustino akasema. Mikono ya Rahima ikasimama juu ya ungo. Alimtazama mumewe, akaendelea na mchele.

Siku ya tatu waliingia mia na ishirini. Zaid, ambaye naye alikuwa amejiandikisha, alitoka saa sita akiruka, ameshika karatasi ya kufaulu, amekonda, mrefu, si yule wa tumbo tena. Alimshika Faustino vidole kupitia matundu ya waya. Akwero alitoka saa nane. Hakuwa na karatasi. Alitembea mpaka kwenye uzio, akapiga mguu chini kama alivyofundishwa.

"Afande," alisema. "Wamenitoa."

"Nini? Macho?"

"Meno."

Faustino alishika waya.

"Kuna kidude wanaweka mdomoni ya kupumua chini ya maji," Akwero akasema, taratibu, kama anayerudia amri yenye mambo sita. "Unashika na meno. Walinipa nishike, ikakuwa inatoka. Nikashika tena, ikatoka. Daktari akasema fungua mdomo. Akaangalia. Akaniuliza nani alitoa hii meno. Nikasema nilianguka. Akacheka, lakini si vibaya. Akasema, dada, mtu akianguka hapotezi chonge nne na kuacha za mbele. Akasema hii ni spoku. Ameona wengi. Akasema mimi nilikuwa mtoto mchanga na kuna mtu alitoboa, na mtu mwingine alishika kichwa. Nikamwomba. Nikamwambia mimi naweza kushika na midomo tu. Nilipiga magoti afande. Alinisimamisha, akasema mwaka kesho umri itakuwa imepita, niende tu nitafute kazi ingine."

Faustino alikuwa na maneno kwa kila kushindwa: kwa mguu uliochubuka, kwa pumzi iliyokata, kwa woga wa maji. Kwa hili aligeuka tu akaanza kutembea. Walirudi Kisugu kwa miguu, yeye mbele, Akwero hatua mbili nyuma, kama siku zote za mafunzo.

Rahima alikuwa mlangoni. Aliziona nyuso zao, akajiegemeza kwenye fremu. Akwero alivuka kizingiti, akakaa kwenye mkeka, akauliza bila kumtazama yeyote: "Nani alinishika?"

Mama na baba wakatazamana. Rahima angeweza kusema ni bibi. Bibi alikuwa kaburini, asingeumia. Faustino aliona macho ya mkewe yakimwachia nafasi hiyo, labda hata yakimsukuma aichukue, maana hata mwanamke aliyekasirika miaka ishirini na minne huweza kukuhurumia mara ya mwisho.

"Mimi," Faustino akasema. "Ni mimi nilishika. Wewe ulikuwa nakufa."

"Nilikuwa nimekwenda kuchukua dawa," Rahima akasema kwa sauti ndogo. "Pakiti mbili tu. Mbili tu, mwanangu."

Akwero alipitisha ulimi ndani ya mdomo, wakauona ukizunguka chini ya shavu, ukisimama penye nafasi moja, ukienda nyingine. Hakulia. Mzee alitamani alie, amtukane, avunje sahani. Mtu akikutukana bado yuko na wewe. Badala yake binti aliinuka, akanyoosha suruali yake ya mazoezi, akasema kwa adabu kabisa:

"Sawa, afande."

Alisema hivyo akiwa ndani ya nyumba.

Mwanzoni Faustino alijiambia ni uchovu. Wiki ya kwanza alisubiri. Asubuhi alipata "Jambo afande," jioni "Chakula iko tayari, afande." Akwero alimpa kila heshima. Alimfulia mashati, alimnawisha mikono kabla ya kula, hakuinua sauti. Wiki ya tatu mzee alishindwa. "Hapa ni ndani," alisema, na alionyesha kizingiti kwa kidole. "Ndani hapana ita mimi afande."

"Ndiyo, afande," Akwero akasema, akaendelea kuosha vyombo.

Siku Zaid alipokuja kuaga kwenda mafunzoni, alileta kilo mbili za sukari na jogoo amefungwa miguu. Alimpigia Faustino goti mbele ya baba yake mzazi. "Mzee, bila wewe mimi bado ningekuwa napima sukari dukani. Wewe ni baba yangu pia." Watu wakapiga makofi. Faustino alimshika kichwani kumbariki, na alipohisi fuvu la kijana kati ya viganja vyake akaiondoa mikono haraka, akasema anaumwa mgongo. Jogoo hakuchinjwa wiki nzima. Hakuna mtu nyumbani aliyetaka kuwa wa kwanza kumtaja.

Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini Faustino alijua mjukuu hatakuja. Akwero hakuzungumzia tena kuolewa wala kutoolewa, jeshi wala kutokuwa jeshi. Asubuhi hakukimbia. Jerikeni ilibaki nyuma ya nyumba na mchanga wake mpaka mvua ikaotesha majani juu yake.

Mwaka uliofuata alipata kazi kwenye kampuni ya ulinzi. Hawakumpima kitu. Walimuuliza kama anajua bunduki, akasema anajua kutii. Wakampa sare kubwa kuliko mwili wake na mabuti ya namba ambayo si yake, na kumweka mlangoni mwa duka moja la vyombo karibu na Owino, saa kumi na mbili kwa siku, kupekua mikoba ya wanaoingia.

Faustino alitafuta kwenye mabunda yake siku nne mpaka akapata jozi ya mabuti ya namba thelathini na tisa, ngozi nzima, soli haijaliwa. Aliyapaka rangi mara tatu. Akayatia kwenye mfuko, akavuka barabara, akajipanga kwenye foleni ya watu waliokuwa wakiingia dukani, kwa sababu nyumbani hakujua tena njia ya kumfikia.

Akwero alikuwa amesimama wima vile vile alivyomfundisha: visigino pamoja, shingo haigeuki. Zamu ya mzee ilipofika binti aliufungua mfuko, akayaona mabuti, akapitisha mkono ndani ya kila moja kutafuta kitu kilichofichwa, kama alivyofanya kwa mfuko wa kila mtu.

"Ni ya wewe," Faustino akasema. "Ile umevaa nabana wewe. Mimi naona."

"Kazini hatupokei kitu, afande. Pita."

Mlinzi mwenzake, mwanamke mfupi mchangamfu, aliwaangalia, akalinganisha vipaji vya nyuso na namna zile mbili za kusimama. "Akwero, huyu mzee ni nani yako? Mnafanana nyinyi."

Akwero akacheka. Alicheka mdomo wazi, bila kiganja, nafasi zote nne zikaonekana mchana kweupe mbele ya watu wa foleni, na kwa mara ya kwanza Faustino hakuwa na pa kuangalia pembeni.

"Huyu?" alisema. "Huyu alinifundisha kukimbia."

Kisha akamwita mtu anayefuata. Faustino akaingia dukani na mfuko wake, akazunguka kati ya masufuria na vikombe, maana mlango wa kutokea ulikuwa ni ule ule.